Programu ya Bahasha ya Kaki

Kabla sijaeleza jinsi tulivyoichagua programu ya kompyuta ya kutunzia hesabu za nyumbani, yanipasa kueleza hali ya mambo ilivyokuwa, kwa sababu asiyeijua hali hiyo ataona kwamba tulijisumbua bure.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tulikaa Mwanza, katika nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu iliyojengwa katikati ya majabali, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Kirumba. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, nikifundisha historia na Kiswahili. Kabla ya hapo nilisoma seminari, ambako nilipewa Kilatini kwa miaka sita pamoja na tabia moja isiyonitoka hadi leo: kukianza kitabu katika ukurasa wa kwanza na kutokiweka chini kabla ya ukurasa wa mwisho. Mke wangu alikuwa karani wa mizani katika ghala la pamba. Kwa miaka kumi na moja alipima magunia ya wakulima na kuandika uzito wake, na katika muda wote huo sikusikia mkulima aliyerudi kulalamika kwamba amepunjwa. Ndipo biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi waliruhusiwa kwenda vijijini na mizani zao, ghala likakosa pamba, na makarani wakapunguzwa kazini kwa orodha iliyobandikwa ukutani. Jina lake lilikuwa la tisa.

Alipewa kiinua mgongo. Hakikuwa kikubwa, lakini kilikuwa fedha nyingi kuliko zote tulizowahi kuziona kwa pamoja. Akakipeleka chote kwenye dagaa. Kila alfajiri alikwenda Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, akanunua dagaa wakavu kutoka kwa wanawake waliowaanika, akawahifadhi kwenye chumba alichokodi hapo hapo, kisha akawauza kwa magunia kwa wenye malori ya Shinyanga na Tabora. Kila alichonunua na kila alichouza alikiandika katika kaunta buku moja nene, kwa mwandiko ule ule wa ghalani, ulionyooka kama uzi.

Kaka yangu mkubwa hakuipenda biashara hiyo. Yeye ndiye aliyebaki kijijini Kisesa na ng'ombe wa ukoo, na kwa mtazamo wake fedha isiyogeuzwa kuwa ng'ombe ni fedha iliyo njiani kupotea. Alikuja mjini kuzungumza nasi, na mazungumzo yakawa marefu. Hakuwa mtu mwenye hila. Alikuwa ameona jirani zake wawili walioachishwa kazi wakimaliza viinua mgongo vyao kwenye biashara walizozianza bila kuzijua, na mmoja wao alikuwa amerudi kijijini kuomba jembe. Mwishowe tulikubaliana hivi: mke wangu apewe miezi kumi. Ndani ya miezi hiyo, dagaa wakionyesha faida kwa miezi minne mfululizo, mtaji ubaki Mwaloni na neno hilo lisirudiwe tena. Wasipoonyesha, fedha iliyosalia ivuke kwenda Kisesa, ikanunue mitamba.

Masharti hayo niliyaandika mimi kwa mkono wangu, na niliridhika nayo sana. Nilidhani nimeandika mkataba wa haki. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Swali lililobaki lilikuwa nani atasoma hesabu.

"Daftari umeandika wewe, shemeji," kaka alimwambia mke wangu. "Sasa na hukumu uisome wewe mwenyewe?"

"Basi asome mdogo wako."

"Huyu? Huyu analala kwako."

Tulicheka wote watatu, ingawa mke wangu alicheka kidogo kuliko sisi. Ndipo nilipotaja kompyuta. Mtaalamu mmoja wa kigeni, aliyekuwa katika mradi wa utafiti wa ziwa, alikuwa akirudi kwao na kuuza vitu vya nyumbani, na nilikuwa nimekwisha kulipa nusu ya bei ya kompyuta yake pamoja na printa. Niliinunua kwa ajili ya kuandikia mitihani na makala zangu. Nikaeleza kwamba zipo programu za kutunza hesabu za familia: unaingiza mapato na matumizi, nayo inakutolea taarifa kwenye karatasi, bila kujua nani kaingiza wala nani atafurahi.

"Ni kweli," kaka alisema. "Mashine haina shemeji."

Hivyo ndivyo uchaguzi wa programu ulivyokuja kubeba kitu kikubwa kuliko programu. Kile ambacho kingesomwa na ile tutakayoichagua ndicho kingeamua kama mke wangu angebaki na kazi yake ya mikono yake mwenyewe, au angekuwa mwanamke wa nyumbani mwenye ng'ombe asiowaona.

Kompyuta ilifika kwa mkokoteni, imefungwa kwa blanketi. Tuliiweka sebuleni, juu ya meza ya chakula, na tangu siku hiyo tukawa tunakula kwenye kochi. Umeme ulikuwa wa mgao. Mtaa wetu ulipata mchana siku moja na kukosa siku inayofuata, kwa hiyo kazi yote ninayoisimulia ilifanyika kila baada ya siku moja, kati ya saa nane na saa kumi na mbili jioni, baada ya mimi kutoka shuleni na yeye kutoka Mwaloni akiwa bado ananukia dagaa.

Nyuma ya soko kuu palikuwa na duka la fundi mmoja, kijana mwenye miwani, aliyetengeneza kompyuta za maofisi na kuuza programu zilizoletwa na watu waliotoka nje. Alikuwa na programu tatu za aina niliyoitaka. Nilimwomba nijaribu zote kabla ya kununua moja, nikamwachia saa yangu ya mkononi kuwa dhamana.

"Mwalimu, usijisumbue," aliniambia. "Chukua hii nyekundu. Hii ndiyo kiboko yao."

Ilikuwa katika kasha jekundu lenye picha ya familia inayotabasamu mezani, na ndani yake mlikuwa na kitabu cha maelezo cha kurasa mia nne na kitu. Ya pili ilikuwa katika kasha la buluu, ndogo kidogo. Ya tatu haikuwa na kasha. Ilikuwa disketi mbili ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na karatasi sita za maelezo zilizotolewa fotokopi, ya sita ikiwa imepinda.

"Na hii?"

"Hiyo nakupa ulinganishe tu. Imetengenezwa na mtu mmoja, nyumbani kwake."

"Hata mimi nataka kuitumia nyumbani kwangu," nilimjibu, naye akacheka na kunifungia zote tatu kwenye gazeti.

Nilifanya kazi hiyo kama nilivyofundishwa kufanya kazi yoyote. Nilisoma maelezo ya programu zote tatu tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na faharasa. Kisha nikachukua karatasi kubwa ya grafu, nikachora jedwali lenye safu tatu na mistari kumi na miwili, nikaandika sifa na upungufu wa kila moja: kama inakubali shilingi, kama ina nenosiri, kama inachapa vizuri, kama inatengeneza taarifa ya mwezi yenyewe, na kadhalika. Sifa niliziandika kwa wino wa buluu na upungufu kwa wino mwekundu. Nililibandika jedwali ukutani karibu na kalenda ya parokia.

Mke wangu alisimama mbele yake akiwa na kikombe cha chai mkononi, akalisoma lote bila haraka, mstari kwa mstari.

"Umesahau kuandika kama inajua kuuza dagaa," alisema.

"Hakuna programu inayojua kuuza dagaa."

"Basi tutaipima kwa dagaa."

Ndipo alipotoa sharti lake. Asingekubali nichague kwa kusoma maelezo tu. Kila programu ilazimike kupokea kaunta buku yake, ukurasa kwa ukurasa, yeye akisoma na mimi nikiandika. Ghalani, aliniambia, mizani mpya haikusifiwa kwa maandishi ya kiwandani. Iliwekewa jiwe ambalo uzito wake unajulikana, ndipo ikaaminiwa au ikarudishwa. Sikuwa na hoja ya kumpinga, wala sikuitafuta.

Tulianza na ya buluu. Ilikwenda vizuri kwa kurasa tatu. Kisha tukafika mahali alipouza magunia ishirini kwa siku moja, nikaandika kiasi, na palipotakiwa kuonekana jumla pakajitokeza safu ya nyota ndogo ndogo. Nilirudi kwenye kitabu cha maelezo, nikagundua kwamba nafasi ya tarakimu ilikuwa imepimwa kwa fedha za watu ambao gunia lao halifiki maelfu. Shilingi yetu, kwa jinsi ilivyokuwa imeshuka thamani miaka ile, haikuenea.

"Ikishindwa kuhesabu inachora maua?" aliuliza.

Ya buluu ikarudi kwenye kasha lake siku hiyo hiyo.

Ile nyekundu ilikuwa programu ya fahari, na sitaki kuisema vibaya. Tarakimu zetu zilienea zote. Kila kitu kilitakiwa kiwekwe katika fungu lake, na mafungu yalikuwa yamekwisha kuandaliwa: mkopo wa nyumba, bima ya gari, zawadi za Krismasi, chakula na matibabu ya mbwa. Fungu la msiba halikuwapo. Tuliyafuta mengi, tukaweka yetu: ununuzi, magunia, kodi ya chumba, vibarua, ushuru wa soko, misiba, ada. Tulipofika ukurasa wa saba, mke wangu alisoma kiasi fulani bila kutaja ni cha nini.

"Hicho kiende fungu gani?" nikamuuliza.

"Tengeneza jipya. Liite Mwalimu."

"Mwalimu?"

"Ulichukua ukanunue kamusi. Na hapa tena, ukamchangia yule mwenzako aliyehamishwa. Na hapa. Andika tu, mashine haina mume."

Nililitengeneza fungu hilo, na ninakiri kwamba kabla hatujamaliza daftari lilikuwa limenenepa.

Ilituchukua siku sita za umeme. Kazi ilipokamilika, nilibonyeza panapohusika, na printa ikaanza kukwaruza karatasi. Programu nyekundu ilitoa taarifa ya kila mwezi yenyewe, bila kuulizwa. Sifa hiyo nilikuwa nimeipigia mistari miwili kwenye jedwali. Ilikuwa imepita miezi minane kati ya kumi tuliyokubaliana. Miwili ya kwanza ilikuwa hasara, na hilo tulilijua, kwa kuwa alikuwa bado anajifunza. Iliyofuata ilikuwa hivi: faida, hasara, faida kubwa mno, hasara, faida, hasara ndogo.

Niliisoma mara tatu. Hapakuwa na miezi minne mfululizo. Hapakuwa hata na miwili, na kwa miwili iliyobaki isingewezekana tena kufika minne. Kwa sharti nililoliandika mwenyewe, mtaji ulikuwa umekwisha kuvuka kwenda Kisesa.

Nilikaa nikiwa na karatasi magotini. Nilitafuta maneno ya kumwambia, na nilikuwa nimekwisha kuyapata, maneno ya upole kabisa kuhusu jinsi alivyojitahidi, alipotoka jikoni akifuta mikono.

"Uso huo nimeuona," alisema. "Ndio ule wa siku ya orodha. Umeshaamua?"

"Takwimu ndizo zimeamua."

"Lete."

Alizichukua zile karatasi, akazitandaza sakafuni moja baada ya nyingine, akafungua kaunta buku kando yake, akapiga magoti. Alikuwa anapeleka kidole kutoka kwenye daftari hadi kwenye karatasi, kama nilivyomwona akifanya ghalani siku za kwanza za urafiki wetu, uzito ulipokataa kulingana. Kisha akainua uso, na hakuwa na huzuni hata kidogo. Alikuwa amekasirika.

"Mashine yako inakata giza langu katikati."

Ilinibidi nielezwe, na ninaona haya kidogo kukiri kwamba nililazimika kuelezwa, nikiwa mtu niliyeishi ufukweni mwa ziwa lile karibu maisha yangu yote. Dagaa huvuliwa kwa taa za karabai, na taa haiwaiti dagaa isipokuwa maji yakiwa na giza. Mbalamwezi ikikomaa wavuvi hutia nanga, wakashona nyavu na kupumzika, hadi mwezi uanze kuchelewa kutoka. Siku ya tano baada ya mwezi mpevu taa hurudi ziwani. Majuma hayo ya uvuvi watu wa Mwaloni huyaita giza. Wakati wa giza dagaa ni wengi na bei iko chini, na mke wangu hununua tu, siku baada ya siku, fedha ikitoka. Ikija mbalamwezi ziwa hunyamaza, bei hupanda, malori hufika, naye hufungua chumba chake na kuuza. Mzunguko mmoja wa biashara yake ni giza pamoja na mbalamwezi inayolifuata. Miezi ile, mbalamwezi ilikuwa ikiangukia pale pale mwezi wa kalenda unapokwisha na mwingine kuanza. Lori likija tarehe thelathini, mauzo yaliingia mwezi huu. Likichelewa mpaka tarehe mbili, yaliingia mwezi ujao, na huu ukaonekana umenunua bila kuuza. Hasara zote tatu alinionyesha kwa kidole, na katika zote palikuwa na lori lililochelewa siku mbili au tatu.

"Hakuna mtu Mwaloni anayehesabu mpaka tarehe thelathini na moja," alisema. "Tarehe thelathini na moja ni ya wenye mshahara. Ni yako wewe."

Hilo lilinigusa mahali penyewe. Masharti niliyaandika mimi, mtu wa mshahara, nikidhani kipimo changu ndicho kipimo cha kila mtu. Kila mwaka nilisimama mbele ya darasa nikieleza jinsi Warumi wa kale walivyoacha kuufuata mwezi wa angani, na usumbufu ulioletwa na hatua hiyo katika hesabu zao, na nilikuwa nalipata somo lile sebuleni kwangu kama mgeni.

Nilitafuta katika kitabu cha kurasa mia nne namna ya kuiamuru programu nyekundu ifunge hesabu siku nyingine. Haikuwapo. Ilijua mwezi wa kalenda, robo ya mwaka na mwaka. Nikainuka kwenda kulitazama jedwali langu ukutani, na macho yangu yakatua kwenye safu ya tatu, ya programu ya bahasha ya kaki, ambayo hata sikuwa nimeifungua kwa sababu ilikuwa na wino mwekundu mwingi mno. Mstari wa saba niliandika hivi kwa mkono wangu: *Upungufu: haitengenezi taarifa ya mwezi yenyewe. Kila mara humwuliza mtumiaji kuanzia tarehe ipi hadi tarehe ipi.*

Nilisoma mstari huo kwa sauti. Mke wangu akaanza kucheka mpaka akashika meza.

"Mtu wa watu anauliza," alisema, "na wewe ukamwandikia nyekundu!"

Siku tano za umeme zilizofuata tuliingiza daftari lote upya. Programu ya bahasha haikuwa na rangi wala picha. Ilikuwa na maandishi meupe katika kioo cheusi, na kosa moja dogo lililonikera, kwamba iliandika neno la kwanza la kila fungu kwa herufi kubwa hata ukikataa. Lakini ilipokea kila kitu, na mwisho wake iliuliza swali lake, kisha ikasubiri.

Kaka alikuja Jumamosi, siku ya umeme, amebeba mfuko wa michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na kibuyu cha maziwa. Mke wangu alimwamkia shikamoo, akamkaribisha kochini, na kabla ya chai mimi nikamweleza yote, pamoja na kosa langu. Nilimwonyesha karatasi za programu nyekundu bila kuficha moja.

"Kwa hiyo kwa maandishi yako mwenyewe," alisema taratibu, "shemeji ameshindwa."

"Kwa maandishi yangu, ndiyo. Ninasema maandishi yalikosea."

"Na sasa mmeleta mashine nyingine inayosema ameshinda." Akamgeukia mke wangu. "Hizi tarehe kachagua nani?"

Lilikuwa swali zuri, na nilimheshimu kwa kuliuliza. Mtu anayeruhusiwa kukata popote anaweza kukata panapompendeza.

"Shemeji," mke wangu alisema, "wewe unapotaka kujua kama ng'ombe ana maziwa, unampima siku gani?"

"Akishazaa."

"Humpimi akiwa amekauka, ana mimba?"

"Nimpime nini? Ana nini?"

"Basi mdogo wako amenipima nikiwa na mimba, miezi mitatu."

Kaka alicheka kwa sauti kubwa, akapiga goti lake. Lakini hakuwa mtu wa kuhongwa kwa kicheko. "Nimekusikia," alisema. "Bado sijajua tarehe kachagua nani."

"Chagua wewe."

Mke wangu akainuka, akaitungua kalenda ya parokia ukutani, ile iliyokuwa na viduara vyeusi kuonyesha mwezi mchanga na vyeupe kuonyesha mwezi mpevu. Akampa mkononi. Akamwambia kanuni mbele yangu, kabla ya tarakimu yoyote kuonekana: tafuta duara jeupe, ongeza siku tano, hapo ndipo giza linapoanza, ishia siku moja kabla ya giza linalofuata. Yeye mwenyewe akaenda kusimama mlangoni, mbali na meza, na mikono yake nyuma.

Kaka alivaa miwani yake. Alihesabu kwa kidole, akataja tarehe, akahesabu tena, akaithibitisha. Mimi niliandika alivyotaja. Hakuna hata mara moja ambayo mke wangu alisahihisha wala kuomba aone. Nimewahi kuwaona wasomi wakitetea hoja zao mbele ya maprofesa, wakiwa na vitabu mezani na marafiki ukumbini. Sijaona mtu aliyekabidhi hoja yake yote mikononi mwa mpinzani kisha akaenda kusimama mlangoni. Nilikuwa namtazama huku vidole vyangu vikiwa juu ya vitufe, na fahari niliyokuwa nayo ilinifanya nikosee tarehe moja, kaka akanikaripia.

Printa ilitoa magiza manane. Mawili ya kwanza, hasara. La tatu, faida. La nne, hasara, na mke wangu akasema akiwa pale pale mlangoni, kabla hatujamuuliza, "Hilo ni la mvua. Walioza kwenye mchanga. Hilo ni hasara kweli." Kisha la tano, faida. La sita, faida. La saba, faida. La nane, faida.

Kaka aliyahesabu kwa ncha ya kalamu yangu. Akataka nichape mara ya pili, nikachapa, akazilinganisha karatasi mbili dirishani, moja juu ya nyingine, kwa mwanga.

"Manne," alisema.

"Mfululizo," mke wangu alisema.

"Mfululizo." Akavua miwani, akaitazama ile karatasi tena kwa umbali. "Na huyu Mwalimu ni nani, anayekula kuliko ushuru wa soko?"

Wote wawili wakanitazama.

Alikunywa chai, akala wali na sato, akatuachia kibuyu. Alipokuwa akiondoka alitaka yale masharti yangu ya zamani yaandikwe upya, neno *miezi* liondolewe na kanuni ya duara jeupe iandikwe mahali pake, kisha akaweka sahihi yake, na mke wangu akaweka yake, na mimi nikaweka yangu ya mwisho kama shahidi. Karatasi hiyo ninayo.

Jumatatu nilirudisha makasha mawili kwa fundi, nikailipia ile ya bahasha, nikapewa saa yangu. Programu hiyo tuliitumia mpaka kompyuta ilipokufa. Mtaji ulibaki Mwaloni.